Wapenda mbio za msituni watafutiwe uwanja

Juma hili sizungumzii foleni ya malori Tunduma wala bei ya kahawa Mbozi. Nazungumzia raha: raha ya kukimbiza mashine katikati ya miti, pasipo lami, vumbi likitimka nyuma na matawi yakikuchapa mabegani. Wapo watakaosema huo ni upuuzi wa vijana. Mimi nimeionja, na nasema ni raha hasa. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari anadai umri wangu hauruhusu, nimempuuza.

Niliionja juu ya pikipiki ya magurudumu manne, zile wanazokodishwa watalii Arusha na Zanzibar. Ukiitazama unadhani haiwezi kuanguka, na hapo ndipo inapokudanganya. Nyingi za mbio hazina difu nyuma. Ekseli ni moja, na magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa. Kwenye kona mashine inataka kwenda moja kwa moja hadi kwenye mti, mpaka uinuke kitini, ulalie upande wa ndani wa kona kwa mwili mzima, ndipo tairi la ndani liteleze na mashine ikubali kugeuka. Mafuta huvutwa kwa dole gumba. Baada ya nusu saa gumba limekufa ganzi, nawe huna habari, kwani macho yanatafuta upenyo kati ya mti na mti. Ukiukodolea mti wenyewe, utaugonga.

Mashine hizi zilianza na magurudumu matatu. Honda walianza kuziuza mwaka 1970. Zilipinduka mno, watu wakafa, watoto wakiwamo, na mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza nchini humo. Za magurudumu manne zimetulia zaidi, lakini ikikulalia msituni ukiwa peke yako, hiyo ni habari nyingine.

Huku kwetu Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mashine hizo ni nadra. Mbio zenyewe zipo, tena kwa magurudumu mawili. Ingia kwenye miombo ya upande wa Momba, au kwenye njia za panya za kuelekea Zambia, utawakuta vijana wa bodaboda wakishindana na mizigo nyuma. Mmoja alinipakia kwenda kijiji kimoja. Mwenzake akatokea ubavuni na gunia la mahindi. Wakatazamana mara moja tu. "Mzee, shika keria," akaniambia, na mashindano yakaanza bila filimbi wala dau.

Alikuwa dereva mzuri. Alisimama kwenye vikanyagio penye mizizi, akapunguza mwendo kabla ya mchanga na si ndani yake, akajua kisiki kilipo kabla nyasi hazijakionyesha. Na visiki huku ni vingi, kwa sababu ya wakata mkaa. Kisha, kwenye kona, tukawakuta akina mama watatu wenye kuni kichwani. Wakarukia porini. Kuni zikabaki njiani. Nilimpiga begani asimame, hakusimama.

Sigombani na kasi. Nagombana na mahali. Wanaoshindana msituni kwa utaratibu hufungiwa njia, wote wakaelekea upande mmoja, na kwenye kona isiyoonekana husimama mtu mwenye bendera. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi ilikimbiwa kwenye barabara zenye mabasi na ng'ombe, hata timu tajiri zikawa zinarusha helikopta mbele ya magari yao kuonya. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu za kasi zilifungwa.

Sisi hatuhitaji helikopta. Halmashauri ya Momba, au ya Mji wa Tunduma, inaweza kutenga mzunguko wa kilomita mbili au tatu, mbali na visima na shule, wala si ndani ya hifadhi ya msitu. Vyama vya bodaboda vina viongozi, wasimamie wao. Asiye na kofia ngumu asiingie. Siku nzuri ni Jumapili ya Septemba, ardhi ikiwa kavu na fedha ya kahawa ikiwa mfukoni.

Mtu ataniuliza, ukiwapa uwanja, wataacha kukimbizana njiani? Wote, hapana. Lakini leo kijana akipita kama mshale hakuna anayemjua. Akishavaa namba kifuani mbele ya kijiji kizima, wale akina mama watamtambua kwa jina, na jioni watajua nyumba ya kwenda kumwuliza kuni zao.