Kinyonga Mwenye Mayai

Leo tuongee juu ya kinyonga. Msicheke kwanza.

Watoto wetu walimfungia kinyonga jike ndani ya debe. Tumbo likavimba, akaacha kula, akawa anakwaruza chini kutwa. Sisi wazee tukasema ni minyoo. Kumbe ana mayai! Debe halina udongo, angetaga wapi?

Kinyonga hushuka mtini, akachimba shimo kwenye udongo laini wenye unyevu, akataga, akafukia. Akikosa mahali, mayai hukwama naye hufa. (Wale wenye pembe tatu wa Mlima Kenya hawatagi, huzaa watoto hai.)

Basi tufanyeje? Tusimkamue tumbo, mayai yatapasukia ndani. Tusimchunguze kila saa. Kama bado ana nguvu, arudishwe pale pale alipotolewa, penye kichaka na udongo mbichi. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani na anayafumba mchana, aitwe daktari wa mifugo. Yeye anaweza kumpa maji na kalsiamu, ama kumpasua.

Tena tukumbuke, kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria ya Kenya ya 2013.

Wa kwetu tulimrudisha jioni ile. Watoto walilia, lakini walielewa.