Homa ya Matumbo ya Kuku: Tiba ya Nyumbani na Mipaka Yake



Homa ya matumbo ya kuku huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum. Kuku aliyeugua huzubaa, hukataa chakula, kilemba hupauka, naye huhara kinyesi cha manjano na kijani. Kideri nacho huharisha kijani. Lakini huletwa na virusi, wala hakina dawa ya kukiponya. Kwa hiyo bwana mifugo na aupime mzoga kabla fedha hazijatumika.

Wagonjwa watengwe. Antibaiotiki hutiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo alichotoa mtaalamu, na maji mengine yasiwekwe bandani. Siku zilizoamriwa zitimizwe, hata kuku wakichangamka mapema. Mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa mpaka muda wa kungoja uliotajwa na mtaalamu upite.

Jambo zito ni hili: kuku aliyepona huweza kubaki na vijidudu na kuvipitisha kwa vifaranga kupitia yai. Mayai yake yasiatamishwe, wala asiuzwe kwa jirani kuwa mbegu.

Mizoga ichomwe au ifukiwe katika shimo refu. Katibu apatapo habari ya vifo awaarifu wanachama siku hiyo hiyo, kwani ugonjwa husafiri kwa matenga, vyombo na viatu vya wageni.