Maana ya Neno "Expedite"



Neno "expedite" twaliona mara nyingi juu ya majalada, nasi hudhani maana yake ni haraka tu. Asili yake ni Kilatini: "ex" ni kutoka, na "pes" ni mguu. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuufungua mguu uliotiwa pingu. Kinyume chake ni "impede", yaani kuutia mguu pingu.

Basi neno hili halituamuru kukimbia; wazee walikwisha kutuonya kwamba haraka haraka haina baraka. Latutaka tutazame ni nini kilicholifunga jalada: sahihi iliyokosekana, au barua isiyojibiwa. Mjane angojaye haki ya marehemu mumewe hasaidiwi na karani akimbiaye, bali na karani aitafutaye pingu na kuifungua.