Thabeet, Mutombo na Mizani ya Zama

Ufukweni Mwamgongo, vijana wanaosubiri boti ya Kigoma wakianza ubishi wa mpira wa kikapu, jina la Hasheem Thabeet halichelewi. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Ndipo mmoja hunyoosha kidole ng'ambo ya ziwa: mbona Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 1991, alifika mbali zaidi?

Alifika mbali, halina ubishi. Alizuia mitupo 3,289. Kwa hesabu ya NBA, ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyempita. Lakini Thabeet aliingia sheria zimebadilika. Tangu 2001 mlinzi hatakiwi kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu, na warefu walishaanza kuvutwa nje na watupaji wa pointi 3.

Mvuvi wa dagaa analijua hili la zama kubadilika. Babu alikesha akipampu karabai. Mjukuu anawasha taa ya sola kwa kidole. Utawapimaje kwa ndoo za asubuhi? Na huyo mjukuu, mwaka 2024, ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi 3.

Mimi nasema mchezaji apimwe kwanza na waliomkaba yeye. Maana takwimu nazo zina mapengo. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 na Boston Celtics, akastaafu 1969. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973/74. Yake haimo kwenye takwimu rasmi, hata mmoja.