Kabla ya Kupanda Mashua: Ishara ya Kuomba Msaada Ziwani

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya vijana na akina mama kutoka Kitale na Bungoma)



Najua mnashangaa. Mfanyakazi wa jamii huja kwenu kuzungumza juu ya visima, vyoo na vyama vya kuweka pesa. Leo nimekuja na habari ya mashua. Sisi ni watu wa mahindi na miwa, maji tunayoyajua ni ya Nzoia na Kuywa. Lakini hebu niulize, ni kikundi gani hapa ambacho hakijachanga pesa kwenda kutembea Kisumu, Port Victoria ama Jinja? Na mkifika huko, jambo la kwanza si ni kupanda mashua? Basi sikilizeni.

Mwaka wa 2009 nilikuwa na akina mama 18 ziwani. Tulichelewa kutoka nyumbani, tukapanda mashua saa kumi alasiri. Saa kumi na mbili injini ikanyamaza. Kijana wa mashua akavuta kamba mpaka jasho likamtoka, wapi! Upepo ukatusukuma mbali na pwani. Simu zilikuwa tatu: mbili zimezimika, ya tatu haina mtandao. Saa moja giza likaingia, kama mnavyojua kwetu giza halipigi hodi.

Mama mmoja alikuwa na kibiriti. Akasema, tuwashe leso, wataona moto. Kijana akamshika mkono kwa nguvu, kwa sababu mtungi wa petroli ulikuwa karibu na miguu yake. Nilikuwa nimeitikia tayari, na mimi ndimi kiongozi. Mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi.

Kilichotuokoa ni tochi ndogo na wavuvi wa omena waliokuwa wakiwasha taa zao. Lakini mvuvi alituambia maneno ambayo sijayasahau: "Tochi tuliiona zamani. Tulidhani mnajifurahisha."

Hapo ndipo penye shida. Mwanga peke yake hausemi kitu. Ni lazima anayeuona ajue kwamba ni kilio. Ndiyo sababu mabaharia duniani kote wana fataki za kuomba msaada, na rangi yake ni nyekundu. Usiku, nyekundu maana yake ni moja tu: tunaangamia, njooni.

Ziko za namna tatu ambazo ni vizuri mzijue. Ya kwanza hupaa kama roketi hadi mita 300, halafu inawaka na kushuka polepole kwa parachuti, sekunde 40 hivi. Hiyo ni ya kuita walio mbali. Ya pili hushikwa mkononi, inawaka kwa karibu dakika moja, na kazi yake ni kuwaonyesha waokoaji mahali hasa mlipo. Ya tatu ni ya mchana: kopo linalotupwa majini likatoa moshi wa rangi ya machungwa kwa karibu dakika 3. Moto mwekundu kwenye jua kali hauonekani vizuri, lakini moshi huo unaonekana.

Sasa angalieni, dakika moja ni fupi. Ukiwa na mbili tatu na ukaziwasha zote kwa hofu, umebaki mikono mitupu. Ile ya mkononi usiiwashe mpaka uone mashua ama mtu pwani anayeweza kukuona. Inyooshe mkono nje ya mashua, upande ule upepo unakoelekea, ili cheche zianguke majini, zisianguke kwa watu wala kwa petroli. Usiitazame, itakupofusha macho kwa muda. Ile ya kupaa usimwelekezee mtu, hata kwa mzaha. Na tarehe ya mwisho huandikwa juu yake, mara nyingi ni miaka 3 tangu kutengenezwa. Iliyopitwa na wakati inaweza kukataa kuwaka ama kukulipukia.

Mtaniuliza, kwa hivyo kikundi kinunue? Hapana. Hii ni baruti, sitaki kusikia mtu ameibeba ndani ya matatu kutoka Kitale. Kuwa nazo ni kazi ya mwenye mashua. Kazi yenu ni kuuliza kabla ya kulipa: una nini cha kuomba msaada, na kiko wapi? Kama amekiweka chini pale maji yanapojaa, hana kitu.

Nitasema ukweli, mashua nyingi za kutembeza watu upande wetu wa ziwa mtazikuta hazina. Basi kila kiongozi abebe filimbi na tochi yenye betri mpya, ndani ya karatasi ya nailoni. Tochi iwashwe kwa mpango: fupi mara tatu, ndefu mara tatu, fupi mara tatu. Mchana, nyoosha mikono miwili kando na kuiinua na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo nayo ni ishara inayokubaliwa kimataifa, wala hailipiwi hata shilingi. Na mkiondoka, acheni majina, idadi yenu na saa ya kurudi kwa viongozi wa ufuo, wale wanaoitwa BMU. Fataki isiyo na mtu wa kuitazamia inaweza kudhaniwa ni ya arusi.

Lakini ishara haishindi jaketi. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama upande wa Uganda, karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa mbali na nchi kavu, na wavuvi waliona wakaja. Polisi walisema ilibeba watu kupita kiasi na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Mashua za wavuvi waliokuja kuokoa nazo zikalemewa, kwa maana kila mtu alitaka kupanda wa kwanza. Na sisi mwaka ule wa 2009, mvuvi alipotufikia, akina mama wote walisimama upande mmoja. Mashua ililala kabisa. Kijana alipiga kelele, "Kaeni chini!" Tulikaa, na tulitolewa mmoja mmoja, wenye watoto kwanza.

Najua kikundi cha vijana cha Bungoma kina safari mwezi ujao. Pangeni kuingia majini asubuhi, kabla ya upepo wa alasiri. Na kabla hamjamaliza mchango, katibu aje kwangu na orodha ya majina, tuhesabu jaketi ngapi tutahitaji, pamoja na zile ndogo za watoto.