Doa Jeusi Mfupani



Mgonjwa wa saratani ya tezi dume anayefika kitengo cha tiba ya nyuklia, iwe Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au kwingineko, huchomwa sindano ya mshipa, kisha huambiwa anywe maji ya kutosha na asubiri. Saa mbili hadi nne baadaye huenda haja ndogo, hulala chali, na kamera ya gama humpitia taratibu toka utosini hadi nyayoni. Hiyo safari ya chooni si ya adabu tu: kibofu kikijaa dawa, mifupa ya nyonga haionekani vizuri.

Dawa yenyewe ni teknishiamu-99m iliyoungwa na fosfoneti. Elementi hiyo iligunduliwa mwaka 1937 na Emilio Segrè na Carlo Perrier mjini Palermo, Italia, ila kazi ya mifupa iliipata mwaka 1971, mikononi mwa watafiti Subramanian na McAfee huko Marekani. Kila baada ya saa sita mionzi yake hupungua nusu, kwa hiyo haiwekeki akiba. Kinu cha nyuklia cha Chalk River nchini Kanada, kilichozalisha malighafi yake, kiliposimama mwaka 2009, wagonjwa wa nchi nyingi waliahirishiwa vipimo.

Dawa hukimbilia mahali mfupa unapojengwa kwa kasi, na hapo picha hutoa doa jeusi. Eksirei ya kawaida husubiri mfupa upoteze asilimia 30 hadi 50 ya madini ndipo ione kasoro. Kamera ya gama huwahi.

Sifa zinaishia hapo.

Doa halitaji jina la ugonjwa. Ufa, maambukizi, maungio yaliyochakaa, saratani: vyote huweza kutoa doa lilelile. Maieloma, saratani ya uboho, kwa upande wake hula mfupa bila kuamsha ujenzi, na picha ikatoka safi huku mgonjwa halali kwa maumivu. Kwa mtoto mwenye selimundu, mfupa uliokosa damu huweza kuonekana mtupu siku za mwanzo, kisha ukaweka doa unapopona, ukafanana na wenye maambukizi. Na madoa yaliyojipanga mstari mmoja kwenye mbavu jirani mara nyingi ni alama ya kuanguka, pengine kwenye bodaboda. Kamera hailijui hilo, mgonjwa analijua.

Basi, ndugu wahitimu, kabla hamjaandika kwamba saratani ya mzee wa watu imefika mifupani, mwulizeni kama amewahi kuanguka, na mzitafute picha zake za zamani.