Viwango Huria vya Tepe za Sumaku na Uhifadhi wa Data katika Pwani ya Malindi

Mada hii inachunguza viwango huria vya tepe za sumaku, yaani kanuni za kiufundi zinazomwezesha kila mtengenezaji aliyetimiza masharti kuunda tepe au mashine ya kuisoma, na inashikilia kwamba anayeweka nakala za akiba mjini Malindi hana budi kukichunguza kiwango kabla hajauliza bei ya kaseti.

Pwani hii haikuanza jana kushughulika na data. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, na katika karne hii kituo cha ardhini cha huko kimepokea data za setilaiti ya Swift iliyorushwa mwaka 2004. Data zikishapokewa huhitaji mahali pa kukaa, na hapo ndipo historia ya Marekani inapotoa onyo. Picha za Mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967 zilidumu katika tepe zake kwa takriban miaka arubaini, ilhali mashine za Ampex FR-900 zenye uwezo wa kuzisoma zilibaki chache tena mbovu, hata ikawalazimu mafundi kuzifufua kwanza ndipo mwaka 2008 picha zikaanza kupatikana upya.

Kiwango kinachotumika zaidi leo ni LTO, kilichoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na HP, IBM na Seagate. Kizazi chake cha kwanza, cha mwaka 2000, kilibeba gigabaiti 100. Kaseti ya kizazi cha tisa, cha mwaka 2021, hubeba terabaiti 18 katika utepe wa mita 1,035 wenye upana usiofika milimita 13. Hata hivyo, uhuria huo una mipaka, kwa kuwa mtengenezaji hulipia leseni, na mgogoro wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, baina ya Fujifilm na Sony uliadimisha kaseti za kizazi cha nane hadi ulipomalizwa mwaka 2019. Ulio huria zaidi ni mpangilio wa mafaili uitwao LTFS, uliotolewa mwaka 2010 na kuidhinishwa mwaka 2016 kuwa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 20919, ambao huweka faharasa ya mafaili ndani ya tepe yenyewe, hivyo kompyuta huyaona kama yalivyo katika diski bila kuhitaji programu ya muuzaji fulani.

Kwa ofisi au studio iliyoko Shella, mtaa wa kale wa Malindi ulio ufukweni, adui wa karibu ni hewa: hifadhi ya muda mrefu hutaka unyevu usiozidi asilimia 50, kiasi ambacho upepo wa bahari hauruhusu, kwa hiyo nakala moja ni heri ikae bara. Hesabu ya vizazi nayo haina huruma. Mashine ya kizazi cha saba husoma kaseti za cha sita na cha tano, lakini ya cha nane haishuki chini ya cha saba. Mwenye kaseti za kizazi cha sita hupaswa kuzinakili mapema, kabla mashine yake ya mwisho inayozisoma haijaharibika.